Sahani ya Nuru na Mwosha Vyombo wa Ruzabari

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa.

Alikuwako, katika zama ambazo majini na wanadamu walikuwa wakipishana njiani na kusalimiana, sultani mmoja mwenye enzi, jina lake Sultani Mundhiri bin Shamlani, na mji wake ukiitwa Ruzabari, mji wenye misikiti arubaini na mabustani yasiyo idadi na kuta nyeupe ambazo ukizitazama adhuhuri machozi yanakutoka. Naye alikuwa mtu mwema, mkarimu, mwenye tumbo la haiba na ndevu zilizotunzwa, ila alikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba alipenda mno kuambiwa mambo makubwa. Jambo dogo, hata likiwa la kweli, lilimpita kushoto.

Na fahari ya Ruzabari haikuwa misikiti yake wala mabustani yake, bali kitu kimoja kilichowekwa katika chumba cha marumaru ndani ya jumba la Sultani, nacho kikiitwa Sahani ya Nuru. Sahani hiyo ilitoa mwanga wake yenyewe, bila mafuta wala utambi, na ilikuwa imekaa hapo miaka mia mbili, na kila sultani aliyetawazwa aliiongezea kitambaa kimoja cha hariri cha kuifunika, kwa kuitukuza, hata zamani za Mundhiri vitambaa vikawa saba na hapakuwa na mtu hai aliyewahi kuiona. Kilichoonekana ni furushi la hariri linalong'aa, basi. Na watu walitoka nchi za mbali, wengine kwa ngamia na wengine kwa miguu yao, wakaja kulizuru furushi na kulia machozi, wakarudi makwao.

Basi kwa kuwa hakuna aliyeiona, kila mtu aliisema atakavyo. Wako wanazuoni waliovaa vilemba vyeupe, wakiitwa Watu wa Mwezi, waliosema sahani ile ni kipande cha mwezi kilichomeguka siku ulipopatwa. Wako wa vilemba vya manjano, Watu wa Yai, waliosema ni ganda la yai la ndege Rukhu, ambaye kila miaka elfu hutaga yai moja na kujuta. Na wako wa vilemba vyekundu, Watu wa Ngao, waliosema ni ngao ya mfalme wa majini, na alama ya mkuki ingali ipo, ukitaka kuiona omba ruhusa, na ruhusa haitolewi. Kila kundi lilikuwa na vitabu vyake na nyimbo zake na siku yake ya kuandamana, na mtu wa Yai hakumwoza binti yake kwa mtu wa Mwezi, hata bwana harusi angekuja na mahari ya tembo watatu. Enyi wenzangu, watu walivunjana meno kwa ajili ya sahani ambayo hawajaiona!

Na kando ya furushi palikuwa na tundu la dhahabu, na ndani yake kasuku mmoja mzee, aliyeletwa pamoja na sahani siku ile ile, naye kwa muda wa miaka mia mbili hakusema ila neno moja: "Usiiguse! Nakuja sasa hivi! Usiiguse!" Wanazuoni waliandika majuzuu kumi na moja juu ya maneno hayo, na majuzuu manne katika hayo yalikuwa juu ya "sasa hivi" peke yake. Na kwa ajili ya maneno hayo ikawekwa sheria kwamba mtu yeyote atakayeigusa Sahani ya Nuru, shingo yake ni halali ya upanga, na hata kitambaa kipya kilitandazwa juu yake kwa ncha za fimbo mbili za fedha.

Tena palikuwa na ajabu ya tatu. Kila siku, ikifika alasiri, lango kubwa la jumba lilipigwa mara tatu, ko, ko, ko, na nje hapaonekani mtu. Wakaiita Ishara ya Alasiri. Na ikisikika, mizinga ililia, ngoma zikapigwa, na watu wote wakainamisha vichwa wakafumba macho mpaka ishara ikome. Lango lenyewe halikufunguliwa kamwe saa ile, kwa adabu.

Sasa tutoke chumba cha marumaru, tushuke ngazi thelathini na mbili mpaka jikoni, na mwenye pua nyepesi ajizibe. Humo, mbele ya mapipa matatu ya maji, alikaa juu ya kibao msichana mmoja, jina lake Somoe binti Faraji, na kazi yake ilikuwa kuosha vyombo. Sufuria za pilau ambazo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake, masinia, mabakuli, miiko, yote yalipita mikononi mwake, asubuhi mpaka magharibi, na mikono hiyo ilikuwa imekunjamana kwa maji kama ya ajuza, ilhali uso wake ulikuwa wa kumfanya mtu asahau alichotumwa. Baba yake marehemu alikuwa mwalimu wa chuo, fakiri lakini mcha Mungu, aliyekuwa akiwaandikia wagonjwa wa mtaani kombe. Naye Somoe, alipokuwa mdogo, ndiye aliyemlowekea zafarani na kumchongea kalamu za mwanzi. Baba akafa, nyumba ikaanguka, na Somoe akaja kuosha sahani za wenyewe. Ulimi, alhamdulillahi, alibaki nao.

Na Sultani alikuwa na mwana mmoja tu, mboni ya jicho lake, Ghalibu, kijana mzuri mwenye elimu na hodari wa kupanda farasi. Ghalibu huyu alikuwa na siri. Alikuwa akipenda ukoko. Chakula cha kifalme cha juu kwenye sinia la fedha alikigusagusa tu, kisha hushuka ngazi thelathini na mbili kwa vidole vya miguu, na kusimama mlangoni mwa jikoni akitazama dari.

"Umepotea njia, bwana?" humwuliza Somoe, bila kuinua uso.

"Nilisikia harufu," husema Ghalibu.

"Ya nini?"

"Ya elimu."

"Basi chota elimu yako hapo kwenye sufuria, na usinikwangulie mpaka chuma, mimi ndiye nitakayeisugua."

Naye huketi juu ya gunia la mchele, akatafuna, na Somoe akasugua, na wakazungumza mambo yasiyo na maana yoyote mpaka Bi Tufaha, mkuu wa jikoni, akohoe. Hapakupita zaidi ya hayo. Somoe alijua fika kwamba mwana wa sultani hamwoi mwosha vyombo, akajikanya, na kila siku alikwangua ule ukoko mwekundu, usioungua, akauficha chini ya kawa. Alimpenda, hilo sifichi, na lilimuuma.

Siku moja Ghalibu hakushuka, wala siku ya pili. Siku ya tatu Bi Tufaha alikuja na macho mekundu akasema mwana wa Sultani yu kitandani kwa homa, homa isiyopanda wala kushuka, na hali kitu. Wakaja matabibu kutoka pande nne za dunia, wakamfukiza, wakamchua, wakamkanda, na homa ikakaa pale pale. Siku arubaini zikapita. Somoe alipeleka ukoko kila siku kwa mkono wa mtumishi, na kila siku kawa ilirudi haikufunuliwa, naye akaiosha, na machozi yakamwingilia kwenye maji ya vyombo.

Siku ya arubaini na moja tabibu wa mwisho, mzee aliyekuja amepanda punda, akamwambia Sultani, "Ewe Maulana, dawa ya mwanao imo katika Sahani ya Nuru. Namna yake siijui, kwa maana sijui sahani hiyo ni nini. Akipatikana mtu atakayesema asili yake kwa kweli, mwanao atapona. Asipopatikana kabla ya jua la kesho kuchwa, andaa sanda." Kisha akapanda punda wake akaenda zake, wala hakutaka malipo, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi.

Sultani akaamrisha karamu ya mchana wa kesho yake. Wanazuoni wote wa vilemba vya rangi tatu wakaketishwa barazani, na furushi likabebwa na mto wake wa mahameli likawekwa katikati, na tundu la kasuku likatundikwa juu yake, na chakula kikatandazwa kwa sababu wanazuoni hawasemi kweli na njaa. Sultani akasimama, akasema, "Enyi wenye elimu, kwa miaka mia mbili mmekula mkate wa nyumba hii kwa ajili ya sahani hii. Leo nawaombeni kitu kimoja tu. Ni nini? Imetoka wapi? Mwanangu anakufa."

Sheikh Sururi, mkuu wa Watu wa Yai, akaanza kwa kusifu yai, na sifa zikachukua saa nzima. Mkuu wa Watu wa Mwezi akamwambia, "Yai lako limeoza." Na mtu mmoja wa Ngao akacheka huku mdomo umejaa. Mara paja la kuku likaruka, sijui lilitoka upande gani, likamkuta Sheikh Sururi katikati ya paji la uso, na hapo ndipo ilipokufa adabu. Walivutana ndevu, wakapigana kwa vitabu, na kilemba cheupe kikaingia kwenye mchuzi kikatoka cha manjano, hata mwenyewe akapigwa na watu wake. Mto ukapinduka, furushi likabiringika chini ya meza. Na watumishi, ambao walifundishwa jambo moja tu, kwamba rabsha ikizuka waokoe vyombo vya kichina, wakazoa kila kilichokuwa sakafuni na kukishusha jikoni mbiombio.

Basi Somoe yuko kwenye kibao chake, moyo hauko naye, anaosha tu mikono itakavyo, akavuta kitu kilichofungwa katikati ya masinia. "Lo! Nani tena huyu amefunga sahani kwa vitambaa saba?" akasema. "Watu wana kazi!" Akafungua cha kwanza, akafungua cha pili, na kila kitambaa kilipotoka jiko lilizidi kung'aa, naye akidhani mtu amefungua dirisha. Alipotoa cha saba akabaki ameishika mikononi.

Ilikuwa sahani nyeupe, ya kadiri, yenye pengo dogo ukingoni. Haikuwa na alama ya mkuki. Na ndani yake, kuanzia ukingo mpaka kati, mlikuwa na maandishi ya manjano, mstari juu ya mstari, yaliyokauka vizuri. Mkono wa Somoe ulikuwa umekwisha shuka kuelekea pipani, na ukasimama hapo hapo juu ya maji, kwa maana harufu ilimfikia: zafarani na marashi ya waridi. Akamkumbuka baba yake ameinama juu ya mkeka, anaandika polepole, na yeye mdogo ameshika kidau.

"Hili ni kombe," akasema Somoe. "Jamani, hili ni kombe la mgonjwa!"

Sasa ninyi mnajua, lakini nitasema kwa ajili ya wageni. Mtu akiugua, mwalimu humwandikia maneno matukufu ndani ya sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, kisha maandishi huoshwa kwa maji safi na mgonjwa akayanywa maji yale. Kombe haliachwi likae, wala halioshwi pamoja na masufuria. Somoe akaipangusa mikono yake mara tatu, akaishika sahani vizuri zaidi, akainamisha kichwa asome. Na wakati huo ndipo Waziri Hilali alipoingia na askari sita, akaona furushi limefunguliwa na msichana ameikumbatia Sahani ya Nuru, na Bi Tufaha akazimia ndani ya unga.

Wakampandisha juu mpaka chumba cha mgonjwa, ambako Sultani alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na wanazuoni wamesimama ukutani, mwenye jicho la kuvimba na mwenye ndevu nusu, na kasuku katika tundu lake kwa kuwa hapakuwa tena na pengine pa kumweka. Somoe akamwona Ghalibu. Amekonda, midomo imekauka, macho makubwa. Akamtazama Somoe na kujaribu kutabasamu.

"Ewe binti," akasema Sultani, "umegusa kisichoguswa, na sheria waijua. Una neno kabla ya upanga?"

"Labeka, Maulana, ninalo. Hii haikutoka mwezini, wala si yai, wala si ngao. Hili ni kombe."

Wanazuoni wakacheka, hata waliokuwa na meno machache. "Kombe!" akasema Sheikh Sururi. "Kama la wagonjwa wa vichochoroni?"

"La mgonjwa ni la mgonjwa, sheikh wangu, awe wa kichochoroni awe wa jumbani. Tazameni wenyewe. Zafarani hii hapa. Mtu akinywa kombe, sahani husafika. Hii haijasafika. Basi mgonjwa wake hakunywa. Watu wameiweka, wameifunika, wameitungia nyimbo, na mgonjwa hakunywa!"

Sultani akanyanyuka, uso umejaa matumaini mpaka kumtazama kuliuma. "Dawa!" akasema. "Imekaa nyumbani kwangu miaka yote hii! Leteni maji, ioshwe, mwanangu anywe!"

Na Somoe, ambaye angalitoa macho yake mawili Ghalibu apone, akaikumbatia sahani kifuani akarudi nyuma hatua moja.

"Maulana, nisamehe. Kombe huandikwa kwa jina la mgonjwa na la mama yake, na majina hayo yapo hapa chini kabisa, nimeyasoma. Zumuradi, mwana wa Shamsa. Si Ghalibu. Baba yangu aliniapisha nikiwa mdogo, kombe la mtu nisimpe mwingine hata nikilia."

"Mimi ni Sultani! Nakuamuru!"

"Nawe una haki ya shingo yangu, Maulana. Lakini dawa hii si yako wala si yangu." Na machozi yalikuwa yakimtiririka, kwa maana alimwona Ghalibu pale, pumzi fupi fupi, na jua dirishani limekwisha pinda.

Sultani akamwita mwenye upanga. Ndipo ikasikika sauti kitandani, ndogo, ya kukwaruza. "Baba," akasema Ghalibu, "kama ni ya mtu, apewe mwenyewe. Sitaki kupona kwa kitu cha kuiba."

"Mwenyewe yuko wapi, mwanangu?" akalia Sultani. "Miaka mia mbili! Tutampata wapi?"

Na hapo hapo lango likapigwa. Ko, ko, ko.

Mizinga ikalia, ngoma zikapigwa, na wote chumbani wakainamisha vichwa, Sultani na Waziri na wanazuoni na hata mwenye upanga, na kasuku akapaza sauti, "Usiiguse! Nakuja sasa hivi!" Aliyebaki ameinua uso ni Somoe peke yake. Alimtazama kasuku. Akalitazama dirisha linaloelekea langoni. Akawaza, mwanamke akiweka chombo chake mahali akaondoka mara moja, husemaje? Mimi mwenyewe nikienda kisimani husemaje?

"Jamani," akasema, "mbona mtu anabisha hodi, nanyi mmeinama? Hapana hata mmoja wa kumwitikia?"

Lango likapigwa tena. Basi Somoe akatoa kichwa dirishani, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia watoto wa jikoni akapiga ukelele: "Karibu! Mwenye sahani, karibu ndani, sahani yako ipo!"

Makomeo ya lango, yaliyokuwa yakifunguliwa na watu wanane, yakajifungua. Upepo ukapanda ngazi, wenye harufu ya udi na mvua, na mlangoni mwa chumba akasimama mwanamke wa kijini, mrefu hata ushungi wake unagusa kizingiti cha juu, macho yanamulika, na mkono wa kulia amebeba kopo la shaba limejaa maji, na kiunoni amempakata mtoto. Mtoto huyo alikuwa mwembamba, macho nusu, na joto la mwili wake lilifika mpaka ukutani.

"Ahsante, mwanangu," akasema jini, na sauti yake ilitikisa taa. "Nimebisha mpaka vidole vimeota sugu. Sisi hatuingii nyumba ya mtu pasipo kukaribishwa."

Kasuku akamtazama, akageuza kichwa upande mmoja, akasema, "Umechelewa!" Na hilo lilikuwa neno lake la kwanza jipya katika miaka mia mbili.

Wanazuoni walikuwa wamekwisha ingia chini ya kitanda. Sultani akabaki amesimama pale pale. "Ewe Bibi," akasema, "wewe ni nani, na nini asili ya sahani hii? Nambie kweli, hata ikiwa ndogo."

"Mimi ni Shamsa, na huyu ni mwanangu Zumuradi, na sahani ni yangu, ya kulia chakula, na sisi vyombo vyetu hung'aa, si ajabu kwetu. Mwanangu aliposhikwa na homa nilimpeleka kwa mwalimu mmoja wa mji huu, akatuandikia kombe. Nikaliweka barazani likauke, na kasuku wa mwalimu yuko pale, nikamwambia mtoto wa jirani asiiguse, nakuja sasa hivi, nikaenda kisimani kuchota maji. Niliporudi na kopo langu, askari wa babu wa mababu zako wamepita, wameona kitu kinang'aa, wamechukua sahani na kasuku na vyote. Babu huyo alijua ni ya mtu. Aliona haya kusema, akamwambia mwanachuoni wake amtungie asili nzuri. Wa pili akaongeza, wa tatu akaongeza. Na mwalimu alikuwa amekufa, wala hapana mwingine aliyekubali kumwandikia jini."

"Na homa ya mwanangu?" akauliza Sultani, kwa sauti ndogo.

"Sikumlaani mtu. Niliomba dua moja tu, kwamba siku moja mtu wa nyumba hii auguze kama ninavyouguza, ili ajue, anifungulie. Akipona wangu, wako naye atapona. Asipopona wangu, nifanyeje?"

Sultani Mundhiri, ambaye hakuwahi kuomba radhi kwa kiumbe, akavua kilemba chake akakiweka sakafuni. "Tusamehe," akasema. "Binti, mpe mwenyewe haki yake."

Somoe akaketi chini, akalipokea kopo, akamimina maji kidogo kidogo sahanini na kuyazungusha kwa kidole chake kilichokunjamana, kama alivyofundishwa, huku akitaja jina la Mola, na maandishi yakaachia, yakaingia majini mstari mmoja mmoja, mpaka sahani ikawa nyeupe tupu na maji yakawa ya rangi ya dhahabu. Shamsa akapiga magoti akamnyanyua mtoto kichwa. Zumuradi akanywa funda la kwanza, akakunja uso, akanywa la pili, akanywa yote. Akapiga mbweu. Kisha akafungua macho yake makubwa, akatazama chumba kizima, akasema, "Mama, nina njaa." Na yule jini mkubwa, wa kutisha, akalia kilio cha furaha mpaka vioo vya dirisha vikapasuka.

Na wote wakageuka kitandani. Ghalibu alikuwa amelala kimya. Jasho likamtoka Ghalibu kwenye paji la uso, tone, na tone jingine, akavuta pumzi ndefu, akainuka kwa kiwiko.

"Somoe," akasema, "ukoko upo?"

Ehee! Bi Tufaha, ambaye alikuwa amepanda ngazi zote na unga wake usoni, alipiga vigelegele vilivyosikika misikiti yote arubaini.

Shamsa akachukua sahani yake, mtoto wake na yule kasuku wa mwalimu, na kabla ya kuondoka akamwachia Somoe sanduku la lulu na marijani, akamwachia na lile kopo la shaba. "Maji yake hayaishi," akasema. "Wewe yatakufaa kuliko lulu." Na Sultani akataka kumpa Somoe cheo cha Mama wa Hazina, naye akasema hakitaki. Ghalibu akasema anachotaka yeye ni kuoa. Mzee akauliza nani, na jumba zima likacheka, kwa maana yeye peke yake ndiye hakuwa amejua. Harusi ikachezwa siku saba, watu wakala, wakabakisha, na vyombo vya harusi, nasikia, bibi harusi alivikagua mwenyewe. Lulu zikawajengea mayatima chuo kwa jina la mwalimu Faraji, na humo hufundishwa kuandika na pia kuosha.

Na wanazuoni? Siku ya tatu tu baada ya harusi, wakaanza. Watu wa vilemba vyeupe walisema kopo la shaba lilitoka katika mto wa peponi. Wa manjano walisema ni kifuu cha jicho la nyangumi. Na Sultani Mundhiri, mazoea ni kitu kibaya, aliingia siku moja chumbani kwa mkwewe na kitambaa cha hariri mikononi, ananyatia, anataka kulifunika kopo.

"Hicho ni cha nini, baba?" akauliza Somoe, mikono imejaa povu.

"Cha... kulitukuza, mwanangu."

"Lete." Akakichukua, akaishika hariri ile ya dinari mia, akafutia sahani nne na bakuli moja, akakianika dirishani. "Kitambaa kizuri," akasema, "kinakausha." Na Sultani akafikiri kidogo, akakunja mikono ya joho lake, akachukua sahani ya tano.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa Ruzabari, na mimi nilichojifunza kwao ni kwamba kitu kitakatifu ni amana ya mhitaji wake, na anayekifunika asikitumie amemdhulumu mtu mahali fulani, naye mtu huyo huenda yuko mlangoni. Tangu siku hiyo katika mji ule, mlango ukigongwa hawainami. Mtu husema karibu, akaenda kufungua. Nami nimesikia mlango wetu unagongwa, na hakuna kati yenu aliyenyanyuka, kwa hiyo hadithi yangu naikata hapa, nikafungue mwenyewe.